Barafu ya milimani inavyoyeyuka na kuzaa maziwa

USIKU wa Oktoba 3, 2023, ukingo wa Ziwa South Lhonak katika jimbo la Sikkim, kaskazini mashariki mwa India, uliporomoka. Takriban mita za ujazo milioni 14.7 za mawe, udongo na barafu zilitumbukia majini kwa ghafla na kuzua wimbi la kimo cha karibu mita 20. Wimbi hilo lilivuka tuta lililokuwa limelizuia ziwa, likalibomoa, na maji yapatayo mita za ujazo milioni 50 yakateremka bondeni. Kabla ya mapambazuko, bwawa la Teesta III katika mji wa Chungthang, lililokuwa na kimo cha mita 60 na kujengwa ili kuzalisha megawati 1,200 za umeme, lilikuwa limesombwa. Watu 55 walithibitishwa kufariki na wengine 74 hawakuonekana tena. Maji na tope hilo yalifika hadi Bangladesh, kilomita zipatazo 385 kutoka ziwani.

Katikati ya miaka ya 1970, picha za setilaiti ziliposaidia kulipima kwa mara ya kwanza, ziwa hilo lilikuwa na eneo lisilofikia robo ya kilomita mraba. Muda mfupi kabla ya mkasa lilikuwa limetanda hadi kilomita mraba 1.67. Hapakuwa na mto mpya uliolijaza, wala mtu aliyelichimba. Lilipanuka kadiri barafu iliyolilisha ilivyokuwa ikirudi nyuma na kuliachia nafasi.

Maziwa ya namna hii yamo katika safu zote kubwa za milima duniani, kuanzia Himalaya na Andes hadi Alps na Alaska. Hata Mlima Kenya unayo, ingawa yetu ni madogo na tabia yake ni tofauti, kama itakavyoelezwa baadaye. Maziwa haya ndiyo kipimo kimojawapo cha wazi kabisa cha mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa mtu hahitaji kipimajoto ili kuyaona yakikua. Hata hivyo, kisa chake hakiishii katika kusema kwamba joto limepanda na barafu imeyeyuka. Kuna barafu inayoyeyuka isiache ziwa lolote, na kuna maziwa yanayojaa na kukauka kila mwaka bila kumdhuru mtu.

Barafuto ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida humu nchini tunasema “theluji ya Mlima Kenya” tukimaanisha chochote cheupe kinachong’aa kileleni. Kwa wataalamu, theluji ni ile iangukayo kutoka mawinguni, laini na nyepesi. Ikirundikana mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, tabaka za chini hugandamizwa na uzito wa zile za juu mpaka zikawa barafu ngumu. Barafu hiyo ikishakuwa nene vya kutosha, uzito wake wenyewe huifanya iteremke polepole mlimani, mfano wa uji mzito uliomwagwa kwenye meza iliyoinama. Mwamba huu wa barafu utembeao ndio wanajiografia wa Kiswahili huuita barafuto.

Barafuto husaga mlima inapopita. Hung’oa mawe, huyabeba mgongoni na tumboni, kisha huyatupa mwishoni na kandokando ya njia yake. Rundo hilo la mawe, kokoto na udongo huitwa moreni. Barafuto ikirudi nyuma, moreni hubaki mahali pake kama ukuta uliojengwa na fundi asiyetumia saruji. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu ukuta huo huweza kuzuia maji kwa miaka mingi, ila haukukusudiwa kuyazuia. Moreni nyingi, isitoshe, zina vipande vya barafu ndani yake, na barafu hiyo nayo huyeyuka.

Vidimbwi vinavyokula barafu

Si kila ziwa huzaliwa mbele ya barafuto. Mengi huanzia juu yake, katika mashimo madogo ya uso wa barafu. Jambo hili hutokea zaidi katika barafuto zilizofunikwa na mawe na vifusi, ambazo ni nyingi katika Himalaya.

Vifusi hivyo vina tabia mbili zinazopingana. Tabaka jembamba la vumbi na changarawe huifanya barafu kuwa nyeusi, na cheusi hunyonya joto la jua kuliko cheupe. Hivyo barafu huyeyuka kwa kasi zaidi. Tabaka likiwa nene, hugeuka kuwa kinga, mfano wa gunia ambalo muuza samaki hufunikia barafu yake isiyeyuke kabla ya saa sita. Kwa kawaida vifusi huwa vinene zaidi kwenye ncha ya chini ya barafuto. Matokeo yake ni kwamba ncha hiyo hairudi nyuma upesi. Badala yake, sehemu ya juu kidogo ndiyo inayopungua unene, na mteremko wa barafuto hupungua. Watafiti waliopima barafuto za Himalaya waligundua kwamba mteremko wa uso ukipungua na kuwa chini ya nyuzi 2, maji hukosa pa kukimbilia. Hutuama.

Kidimbwi kikishatuama, hakingoji. Maji yana rangi ya giza kuliko barafu safi, kwa hivyo hunyonya jua. Joto la maji hayo huwa nyuzi chache tu juu ya sufuri, lakini hizo chache zatosha kuila barafu iliyo chini na kando. Kingo za kidimbwi huwa kuta za barafu tupu, zisizo na vifusi vya kuzikinga; maji huzichimba kwa chini, nazo hukatika na kuanguka. Katika bonde la Langtang nchini Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba vidimbwi vya aina hii, ijapokuwa vimefunika sehemu ndogo sana ya barafuto, vilihusika na takriban sehemu moja kati ya nane za barafu yote iliyopotea.

Vidimbwi hivi havidumu. Ndani ya barafuto mna mifereji na mapango, na kidimbwi kikipasua mfereji, maji yake hutoweka katika muda wa saa chache na kuacha shimo tupu. Msimu ufuatao hujaa tena, pengine hatua mia moja kutoka mahali pa awali. Mtu atakayehesabu vidimbwi Mei atapata idadi moja, na wa Oktoba atapata nyingine. Ndiyo maana takwimu za mwaka mmoja pekee hazina maana kubwa katika somo hili.

Wengi wamezoea kudhani kwamba vidimbwi vya juu ya barafu havina madhara, na kwamba hatari hutoka kwa maziwa makubwa tu. Julai 8, 2025, mafuriko yalishuka katika mto wa mpaka wa China na Nepal, eneo la Rasuwa, yakalibeba Daraja la Urafiki linaloziunganisha nchi hizo mbili pamoja na shehena za magari na makontena. Wachunguzi wa kituo cha kimataifa cha maendeleo ya milima, ICIMOD, chenye makao yake Kathmandu, walipochambua picha za setilaiti walibaini kuwa chanzo kilikuwa ziwa lililokuwa juu ya barafuto upande wa Tibet, ambalo lilimwaga maji yake kwa ghafla.

Kisa cha Imja

Ziwa linaloeleza maisha ya aina hii vyema kuliko yote ni Imja, katika eneo la Everest nchini Nepal, kwenye mwinuko wa takriban mita 5,010 kutoka usawa wa bahari. Picha na ramani za miaka ya 1950 hazionyeshi ziwa lolote mahali hapo. Zinaonyesha barafuto iliyojaa vifusi na vidimbwi vichache vilivyotawanyika mgongoni mwake.

Katika miaka ya 1960 na 1970 vidimbwi hivyo vilipanuka, vikagusana, vikaungana. Sababu ilikuwa kwamba uso wa barafuto ulikuwa umeshuka hadi kulingana na mlango wa maji kwenye moreni ya mwisho. Tangu hapo maji hayakuweza tena kutorokea chini. Yalikuwa yamefika kimo ambacho hayangeweza kushuka zaidi ya hapo. Hatua hii ndiyo mpaka kati ya kidimbwi na ziwa, na barafuto ikiuvuka si rahisi kurudi. Baada ya hapo ziwa lilianza kula barafuto kuelekea juu ya bonde, vipande vikubwa vikimeguka na kuelea. Kufikia 2012, vipimo vilionyesha kina cha juu zaidi kuwa mita 116 na ujazo wa zaidi ya mita za ujazo milioni 60. Miaka michache baadaye, eneo lake lilikuwa limekaribia kilomita mraba 1.3.

Umri wa ziwa hili, basi, ni kama umri wa mtu mzima anayekaribia kustaafu. Waliozaliwa katika vijiji vilivyo chini yake, kama vile Dingboche, kabla ya 1950 walizaliwa mahali pasipo na ziwa juu yao.

Ziwa kama hilo halikui milele. Likishaila barafu yote iliyo kwenye sehemu tambarare, barafuto hupanda kwenye mteremko mkali na kuachana na maji. Hapo ziwa huacha kupanuka. Lakini utulivu huo una hila: barafu iliyoning’inia juu ya mteremko ndiyo huweza kuporomoka na kutua ziwani kwa kishindo.

Kwa nini matuta hupasuka

Ni nadra tuta la moreni kupasuka lenyewe bila kuchokozwa. Mara nyingi kitu huanguka ziwani: bonge la barafu, mwamba, au, kama ilivyokuwa South Lhonak, ukingo wenyewe. Wimbi huruka juu ya tuta na kulikwangua. Mfereji mdogo ukishatoboka, maji huupanua, na kadiri unavyopanuka ndivyo maji mengi zaidi yanavyopita. Katika saa chache kazi huwa imekwisha.

Agosti 4, 1985, bonge la barafu liliangukia Ziwa Dig Tsho, si mbali na Imja. Mafuriko yaliyofuata yaliharibu kituo kidogo cha kuzalisha umeme karibu na Thame ambacho ujenzi wake ulikuwa umekaribia kukamilika, pamoja na madaraja 14 na nyumba kadhaa. Waliopoteza maisha walikuwa wachache, lakini serikali ya Nepal na wafadhili walishtuka. Kabla ya siku hiyo, mabwawa ya umeme katika Himalaya yalikuwa yakipangwa bila kuyatazama maziwa ya juu. Kwamba Teesta III ilijengwa miongo kadhaa baada ya funzo hilo, na bado ikasombwa, ni jambo linalostahili kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko ilivyoulizwa.

Thame yenyewe haikuachwa. Agosti 16, 2024, maziwa mengine madogo juu ya bonde hilo yalimwaga maji na kuharibu nyumba, shule na kituo cha afya.

Mkasa mkubwa zaidi katika kumbukumbu za aina hii ulitokea mbali na Himalaya. Asubuhi ya Desemba 13, 1941, tuta la Ziwa Palcacocha katika safu ya Cordillera Blanca nchini Peru lilipasuka. Maji yaliteremka, yakalikumba na kulipasua ziwa jingine lililokuwa chini yake, kisha yakauingia mji wa Huaraz na kuangamiza takriban thuluthi moja ya mji huo. Makadirio ya chini kabisa yanataja watu 1,800 waliofariki. Mengine yanafika 5,000.

Baada ya mkasa, Palcacocha ilibaki kidimbwi cha kama mita za ujazo nusu milioni. Mnamo 1974 tuta lake liliimarishwa. Lakini barafuto iliendelea kurudi nyuma, na nafasi iliyoiacha ikajaa. Vipimo vya 2009 vilikuta mita za ujazo milioni 17, yaani zaidi ya mara 30 ya kiasi kile. Mabomba makubwa ya kunyonya maji yalipelekwa huko tangu 2011 ili kulipunguza. Huaraz, wakati uo huo, imejengwa upya na kukua, na makumi ya maelfu ya wakazi wake wanaishi katika njia ileile iliyopitiwa na maji mwaka wa 1941.

Mkulima mmoja wa Huaraz, ambaye pia huwaongoza wapanda milima, aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE ya Ujerumani mnamo 2015, akitaka igharamie sehemu ya kazi ya kuulinda mji kulingana na mchango wake katika gesi zinazoongeza joto duniani. Mei 28, 2025, mahakama ya rufaa ya Hamm iliitupilia mbali kesi hiyo kwa hoja kwamba uwezekano wa nyumba yake kufikiwa na mafuriko katika miaka 30 ijayo ni mdogo mno. Hata hivyo, majaji walikubali kwamba, kimsingi, mchafuzi mkubwa wa hewa anaweza kuwajibishwa kisheria kwa madhara yanayotokea ng’ambo ya dunia. Mdai alishindwa, mawakili wengi wanaona kwamba hoja yake ilishinda.

Hesabu ya dunia nzima

Hadi hivi karibuni hakuna aliyejua kuna maji kiasi gani katika maziwa haya. Mnamo 2020 watafiti wakiongozwa na Dan Shugar wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Canada walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kutumia maelfu ya picha za setilaiti. Waligundua kwamba kati ya 1990 na 2018 ujazo wa maziwa ya barafuto duniani uliongezeka kwa takriban asilimia 48 na kufikia kilomita za ujazo 156.5. Idadi ya maziwa hayo na eneo lake viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50.

Utafiti mwingine wa mwaka wa 2023, ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, ulikadiria kwamba watu milioni 15 duniani wanaishi katika hatari ya kukumbwa na mafuriko ya maziwa haya. Zaidi ya nusu yao wako katika nchi nne pekee: India, Pakistan, Peru na China. Inafaa kuangalia jambo moja katika matokeo hayo. Hatari haikupatikana kuwa kubwa zaidi palipo na maziwa makubwa zaidi au mengi zaidi. Ilikuwa kubwa palipo na watu wengi bondeni, nyumba hafifu na serikali isiyo na njia ya kuwaonya raia kwa wakati.

Kazi ya kupunguza hatari inafahamika. Peru iliunda tume ya kushughulikia maziwa hayo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na tangu hapo imetoboa mahandaki na kuimarisha matuta ya maziwa mengi. Hakuna taifa jingine lenye uzoefu mkubwa hivyo. Nepal ilikamilisha kazi ya kushusha maji ya Ziwa Tsho Rolpa kwa mita 3 mnamo 2000, na 2016 wanajeshi wake, kwa ufadhili uliopitia Umoja wa Mataifa, walichimba mfereji wenye lango uliopunguza kimo cha Imja kwa zaidi ya mita 3. Wafanyakazi walibeba mitambo na kufanya kazi mahali ambapo pumzi yenyewe ni ya kukopa.

Ving’ora ni rahisi kuliko mifereji, na ndivyo wanasiasa huvipenda zaidi. Lakini king’ora kinahitaji mtu wa kukitunza. Mfumo wa tahadhari uliowekwa chini ya Tsho Rolpa mwaka wa 1998 haukudumu miaka mingi. Vifaa viliharibika, na miaka ilipopita bila mafuriko, wenyeji waliacha kuuamini.

Kuna upande mwingine ambao wahandisi huusahau. Ziwa lile lile linalotishia huweza kuwa tangi la maji la mkulima wa kiangazi. Ziwa Parón, lililo kubwa zaidi katika Cordillera Blanca, lilitobolewa handaki ili lisiuangamize mji wa Caraz. Baadaye handaki hilo lilitumiwa na kampuni ya umeme kufungulia maji kulingana na mahitaji ya mitambo yake, si ya mashamba. Julai 2008 wakulima walipanda mlimani na kulitwaa lango. Waliokuwa wakiliogopa ziwa sasa walikuwa wakililinda. Barafuto zikiendelea kusinyaa na mito kupungua wakati wa kiangazi, mvutano wa namna hii utazidi kuonekana.

Mlima Kenya, Rwenzori na Kilimanjaro

Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mnamo Septemba 1899, Mlima Kenya ulikuwa na barafuto zipatazo 18. Nyingi kati ya hizo hazipo tena. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote na ambayo imepimwa kwa undani tangu 1934, ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kufikia 2010. Gregory, jirani yake, ilitoweka kabisa mwanzoni mwa muongo uliofuata. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotolewa Oktoba 2021 ilisema kuwa barafu yote ya Afrika Mashariki huenda ikaisha kufikia miaka ya 2040, na kwamba Mlima Kenya huenda ukatangulia kwa muongo mmoja.

Barafuto hizo zimeacha maziwa madogo kila upande wa vilele: Lewis, Tyndall, Teleki, Hausburg, Hall, Simba, Michaelson na mengineyo. (Msomaji ataona kwamba vilele vilipewa majina ya viongozi wa Wamaasai, yaani Batian, Nelion na Lenana, ilhali karibu maziwa yote yakabaki na majina ya wageni, mmoja wao Hausburg aliyefuatana na Mackinder.) Mengine yamezuiwa na moreni, mengine yamekaa katika mabakuli ya mwamba yaliyochongwa na barafu ya zamani.

Je, yanaweza kupasuka kama South Lhonak? Hakuna dalili ya hatari ya kiwango hicho. Barafu iliyosalia juu yake ni vipande tu, miteremko ya barafuto zetu ilikuwa mikali na mifupi, na haikuwahi kuwa na ndimi ndefu zilizofunikwa na vifusi ambazo huzaa maziwa ya aina ya Imja. Rwenzori nako, barafu iliyokadiriwa kuwa na eneo la kilomita mraba 6.5 mnamo 1906 ilikuwa imebaki chini ya kilomita mraba 1 kufikia 2003. Mafuriko ya Mto Nyamwamba yaliyoukumba mji wa Kasese, Uganda, Mei 2013 yalitokana na mvua kubwa, wala si ziwa lililopasuka, ijapokuwa wengi walikimbilia kuilaumu barafu.

Kilimanjaro ni kisa cha peke yake. Hewa ya kileleni ni kavu na baridi kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu ya juu hugeuka kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Barafu hupungua kila mwaka, na bado hakuna ziwa linalojaa mahali pake.

Vilevile, ni vyema kuondoa dhana kwamba mito ya Tana na Ewaso Ng’iro itakauka siku Lewis itakapoisha. Maji ya mito hiyo hutoka hasa kwa mvua inayonaswa na msitu na nyanda za majani za mlimani. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Anayeukata msitu wa Mlima Kenya huiumiza Tana kuliko jua linavyoweza kuiumiza kwa kuyeyusha barafu iliyosalia.

Kumbukumbu zilizo chini ya maji

Thamani kubwa ya maziwa ya kwetu iko kwenye matope yake. Barafuto inapokuwa kubwa, husaga mwamba na kutoa unga laini wa kijivu ambao huchukuliwa na maji hadi ziwani. Ndio huyapa baadhi ya maziwa haya rangi ya kijani kibichi au ya maziwa ya ng’ombe. Barafuto ikisinyaa, unga hupungua, na mahali pake huja mabaki meusi ya mimea. Tabaka hizo hujipanga moja juu ya nyingine. Mtafiti huchomeka bomba refu katika sakafu ya ziwa, huchomoa nguzo ya matope, na kuisoma kutoka chini kwenda juu.

Mnamo 1999, Wibjörn Karlén wa Sweden na wenzake walichapisha matokeo ya matope ya Ziwa Hausburg. Katika takriban miaka 6,000 waliona vipindi sita ambapo barafuto za Mlima Kenya zilipanuka, cha mwisho kikiwa kati ya miaka 600 na 400 iliyopita. Mwaka wa 2001, kundi lililoongozwa na Philip Barker lilitumia magamba ya kioo ya mwani mdogo sana, uitwao daiatomu, kutoka Simba na Small Hall, kuunda historia ya miaka 14,000 ya mvua na unyevu mlimani. Mbele yao alikuwa ametangulia Mmarekani Daniel Livingstone, aliyechapisha mnamo 1962 umri wa matope ya Ziwa Mahoma katika Rwenzori, lililozuiwa na moreni kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000, na kuonyesha kwamba barafu ilikuwa imeondoka hapo zaidi ya miaka 14,000 iliyopita.

Kutokana na kumbukumbu hizo twajua kwamba barafuto za Afrika Mashariki zimewahi kukua na kusinyaa mara nyingi kabla ya kuwapo kwa viwanda. Wanaopinga mabadiliko ya tabianchi hulitumia jambo hili kama utetezi. Lakini katika vipindi hivyo mabadiliko yalichukua karne, na Lewis iliendelea kuwapo. Safari hii imepotea karibu yote katika maisha ya mtu mmoja.

Barafu itakapokuwa imekwisha, maziwa ya Mlima Kenya yataendelea kujazwa na mvua. Unga wa mwamba utaacha kuingia, rangi ya kijani itafifia, na matope yatakayotua chini yatakuwa meusi, yenye mizizi na majani. Yale yenye kina kidogo yatajaa polepole na kugeuka kinamasi, kama ilivyokwisha kutokea katika mabonde ya chini ambako barafu iliondoka maelfu ya miaka iliyopita.